Fungua Kamusi Mara Chache, Kaa Nayo Muda Mrefu

Mwalimu wa Kiingereza akiulizwa kama wanafunzi wake watumie kamusi, atajibu ndiyo, tena kwa msisitizo. Akiulizwa waitumie vipi, jibu hufupika: neno usilolijua, litafute. Ushauri huu umepokezanwa kizazi hata kizazi, na kwa jinsi unavyoonekana wa kweli, wachache hufikiria kuupima. Watafiti wameupima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, katika vyuo na shule za Poland, Ufaransa, Israeli, Japani, Uholanzi na Marekani, na waliyoyakuta hayaufurahishi sana. Mwongozo huu umejengwa juu ya kazi zao, na una neno moja la kukuambia, uwe mwanafunzi wa kidato cha kwanza au mwalimu mwenye miaka ishirini kazini: kamusi haikulipi kwa wingi wa maneno uliyoyatafuta, inakulipa kwa muda uliokaa na neno baada ya kulipata. Kwa hiyo ifungue mara chache, na kila ukiifungua usiwe na haraka ya kuifunga.

Tuanze na matokeo yasiyompendeza muuza kamusi. Mwaka 1984 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Haifa, Bensoussan, Sim na Weiss, walichapisha majaribio waliyowapa wanafunzi wao wa Kiingereza kwa vifungu vya ufahamu. Baadhi walisoma bila kamusi, baadhi walikuwa na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, na wengine kamusi ya lugha mbili. Ungetarajia wenye kamusi wawaache mbali wenzao. Haikuwa hivyo, alama zao hazikupishana kwa kiasi cha kutajika. Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema basi kamusi ni mzigo wa bure. Lakini Nesi na Meara walipolirudia suala hilo mwaka 1991, walitazama pia ni maneno gani hasa yaliyotafutwa, na ikaonekana kwamba maswali mengi ya mtihani hayakutegemea maneno hayo hata kidogo. Msomaji alikuwa amehangaika na kurasa, amepoteza dakika, na neno alilolipata halikuwa lile lililomfungia mlango wa kuelewa. Kamusi haikuwa na kosa hapo. Aliyeifungua hakuwa na swali.

Upande wa pili wa ushahidi unatoka Japani. Luppescu na Day, katika utafiti wao wa mwaka 1993, waliwapa wanafunzi 293 wa chuo kikuu hadithi moja ya Kiingereza waisome, wengine wakiruhusiwa kamusi ya lugha mbili na wengine wakinyimwa. Kwenye jaribio la msamiati lililofuata, wenye kamusi walifanya vizuri zaidi kwa wazi. Gharama yake ilikuwa muda, kwa kuwa walitumia karibu mara mbili ya muda wa wenzao. Tena yako maneno ambayo kamusi iliwapotosha, hasa yale yenye maana nyingi zilizopangwa mfululizo. Mwaka uliofuata Susan Knight, aliyewachunguza Wamarekani wanaojifunza Kihispania, alikuta kwamba kamusi iliongeza maneno yaliyokumbukwa na pia ufahamu, na walionufaika kuliko wote ni wale wenye uwezo mdogo wa lugha. Nao Hulstijn na wenzake, mwaka 1996, waliwapa Waholanzi hadithi ya Kifaransa pamoja na kamusi. Wengi hawakujisumbua kuifungua. Waliojisumbua waliyakumbuka vizuri maneno yale machache waliyoyatafuta. Ukiziweka tafiti hizi pamoja, hazipingani kama zinavyoonekana. Kamusi inafundisha maneno, lakini inadai muda, na muda ukigawanywa kwenye maneno mengi yasiyo na kazi, kila neno linabaki na makombo.

Kazi ya kwanza ya mtumiaji mzuri wa kamusi, basi, hufanyika kabla kamusi haijafunguliwa. Nayo huanza na kuchagua kitabu. Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji wa hadithi anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo ili aelewe vya kutosha bila msaada. Hesabu hiyo ni rahisi kuipeleka darasani: ukurasa wa maneno 250 usiwe na zaidi ya maneno matano mageni. Hesabu kwa vidole. Yakiwa matano au sita, kamusi itakufaa na raha ya kusoma haitapotea. Yakifika ishirini na tano, yaani neno moja katika kila kumi, hakuna kamusi itakayokuokoa. Funga kitabu utafute chepesi zaidi, na usione haya. Wanafunzi wengi wanaosemekana hawapendi kusoma wamepewa tu vitabu vya namna hii, wakaambiwa watumie kamusi, na usomaji ukageuka kuwa uchimbaji wa kokoto.

Ukishapata ukurasa unaokufaa, soma aya nzima kwanza. Piga mstari chini ya maneno mageni bila kusimama. Kisha jiulize kuhusu kila moja: limejirudia? Nikiliruka, sentensi inabaki na maana? Swali nililoulizwa linalitegemea? Neno lililotokea mara moja, tena ni jina la ndege au la aina ya kitambaa, liache lipite. Lililotokea mara tatu, au lililoibeba sentensi nzima mgongoni, hilo ndilo la kutafutwa. Lakini kabla ya kulitafuta, kisia. Andika pembeni kwa penseli unachodhani, hata kama ni neno moja la Kiswahili. Knight aliona kwamba baadhi ya wanafunzi hodari walitafuta hata maneno ambayo tayari walikuwa wameyakisia sawasawa. Wengine wangesema huko ni kupoteza muda. Mimi naona ni kuthibitisha, na anayethibitisha hufungua kamusi akiwa na swali mkononi: nilichodhani ni kweli?

Sasa umeifungua. Hatari kubwa iko kwenye mistari miwili ya kwanza. Yukio Tono, mtafiti wa Kijapani, alionyesha katika miaka ya 1980 kuwa watumiaji huelekea kuchukua maana iliyotangulia na kuondoka nayo. Chukua sentensi ya aina unayoikuta magazetini Nairobi au Dodoma kila Bunge likikaa: “The Minister tabled the Bill.” Mwanafunzi anafungua “table”, anakuta meza, anaifunga kamusi, na kwake waziri amefanya jambo fulani na meza. Angejiuliza kwanza neno hili ni la aina gani katika sentensi hii, angeona limebeba kiishio cha wakati uliopita, kwa hiyo ni kitenzi, naye angeziruka nomino zote mpaka kwenye kitenzi. Hapo angekuta kuwasilisha. Na angevumilia mstari mmoja zaidi, angekuta jambo la ajabu kidogo: Marekani kitenzi hichohicho humaanisha kuuahirisha mjadala, karibu kinyume cha Uingereza na cha mabunge yetu. Neno hilo moja, likisomwa hivyo, lina thamani ya maneno kumi yaliyochunguliwa.

Kusoma nusu ya maelezo hakuwaponzi wageni wa lugha peke yao. Mwaka 1987 wanasaikolojia George Miller na Patricia Gildea walieleza walivyowapa watoto wa Kimarekani, wazawa wa Kiingereza, maneno magumu pamoja na fasili zake kutoka kamusini, wakawaambia watunge sentensi. Mtoto mmoja alipewa “erode”, kula au kumomonyoa kidogo kidogo kama maji yanavyokula ukingo wa mto. Fasili ilikuwa na maneno “eat out”. Aliyashika hayo mawili, ambayo mtoto wa Marekani huyajua kwa maana ya kwenda kula mkahawani, akatunga sentensi isemayo familia yake hufanya hivyo mara nyingi, akiweka “erode” mahali pa kula mkahawani. Kicheko kando, mtoto huyu alifuata mantiki kamili: aliona neno analolijua ndani ya fasili, akalibadilisha na neno jipya. Hivyo ndivyo wanavyofanya wengi wetu. Dawa yake ni mfano wa matumizi. Fasili hukuambia neno lina maana gani. Mfano hukuonyesha linaandamana na nani. Mwaka huohuo wa 1987, John Sinclair na wenzake wa Birmingham walitoa kamusi ya COBUILD, ambayo ilifasili maneno kwa sentensi nzima ili msomaji aone neno likiwa kazini ndani ya fasili yenyewe. Ikiwa kamusi yako si ya namna hiyo, jiwekee sharti: usiondoke kwenye kidahizo, yaani neno na maelezo yake kamusini, kabla hujasoma mfano angalau mmoja na kurudi kwenye sentensi yako kuona kama maana uliyochagua inakaa vizuri pale.

Kuna sehemu ya kidahizo inayodharauliwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye mali nyingi kwa mtu anayeandika. Henri Béjoint aliwahoji wanafunzi 122 wa Kiingereza huko Lyon, Ufaransa, akachapisha matokeo mwaka 1981. Asilimia 87 walitaja maana miongoni mwa vitu wanavyovitafuta zaidi. Zile alama fupi za sarufi, zilizowagharimu watunga kamusi miaka ya kazi, zaidi ya nusu hawakuzigusa. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si wa darasa la sita. Alama hizo hazikuwekwa kwa mapambo. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alitunga na wenzake Gatenby na Wakefield kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na Oxford ikaichapisha upya mwaka 1948. Ndiyo mama wa kamusi za wanafunzi tunazozijua leo. Hornby alipanga vitenzi vya Kiingereza katika ruwaza 25, kwa sababu aliona kwamba mwanafunzi anayejua maana ya kitenzi bado hajui kukitumia. Miaka zaidi ya themanini baadaye, sentensi za Kiingereza za Afrika Mashariki zinampa haki. Tunaandika “discuss about the problem”, na kamusi inasema wazi kwamba kitenzi hicho ni elekezi, hakitaki kihusishi. Tunaandika “we reached at Mombasa”, ilhali “reach” hukamata mahali moja kwa moja na kinachohitaji kihusishi ni “arrive”. Tunaandika “advices”, “equipments” na “furnitures” kwa sababu vifaa na samani kwetu huhesabika, na kando ya kila moja ya maneno hayo ipo herufi U, yaani haihesabiki. Herufi moja tu. Mwalimu anayesahihisha kosa hilo kwa kalamu nyekundu mara arobaini kwa muhula angeokoa wino kwa kufundisha herufi hiyo kipindi kimoja.

Hapa huja pingamizi la zamani, na linastahili jibu: haya yote yanadai kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, na mwanafunzi wetu haiwezi, au, kwa upande wa pili, kamusi ya lugha mbili ni gongo la kilema linalomzuia asifikiri kwa Kiingereza. Jerzy Tomaszczyk wa Poland aliuliza watumiaji mwaka 1979, akakuta kwamba wanafunzi na hata wafasiri waliendelea kutegemea kamusi za lugha mbili huku wakizilalamikia. Kuwakataza ni sawa na kuyakataza maji yasishuke bonde. Batia Laufer na Linor Hadar walipolinganisha mwaka 1997 kamusi ya lugha moja, ya lugha mbili, na ile inayotoa fasili ya Kiingereza ikiongeza tafsiri ya lugha ya mwanafunzi, hiyo ya tatu ndiyo iliyofanya vizuri zaidi kwa jumla. Kwa hiyo ugomvi huu una suluhu: tumia zote mbili, kwa zamu. Kiswahili kikupeleke mlangoni, Kiingereza kikuingize ndani.

Angalia kinachotokea ukiishia mlangoni. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, kwa mfano ile ya TUKI ya mwaka 1996, ikikupa “rice”, lazima ikupe mpunga, mchele na wali, maana sisi tumetofautisha kilicho shambani, kilicho guniani na kilicho sahanini. Anayesoma atachagua kwa muktadha bila shida. Anayeandika ndiye mwenye kazi. Mkono wetu ni “hand” na ni “arm”. Kuazima kwetu ni “borrow” na ni “lend”, na ndiyo maana darasa zima husema “borrow me your pen”. Njia salama ni kwenda na kurudi: tafuta neno la Kiswahili upate visawe vya Kiingereza, kisha peleka kila kisawe kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza usome mfano wake, uone nani anatoa na nani anapokea. Inachukua dakika tatu. Angalia pia umri wa kamusi uliyorithi. Ile ya Kiingereza-Kiswahili ya Johnson, ya mwaka 1939, ni hazina kwa historia ya lugha, lakini haiwezi kukueleza “computer” ya leo.

Wengine watasema mjadala umepitwa na wakati kwa kuwa simu imemaliza kila kitu: unagusa neno, maana inajitokeza. Kasi hiyo ni ya kweli, ila swali letu halikuwa kasi. Anna Dziemianko wa Poland alikuta mwaka 2010 kwamba wanafunzi waliotumia COBUILD ya kielektroniki walikumbuka zaidi kuliko waliotumia ile ya karatasi; alipofanya jaribio la namna hiyo kwa kamusi ya Longman mwaka uliofuata, tofauti haikuonekana. Chombo peke yake hakiamui. Ninachokionea wasiwasi zaidi ni programu ya kutafsiri, ambayo si kamusi. Kamusi hukuwekea maana tano mbele yako ukachague, na kule kuchagua ndiko kujifunza. Programu ya kutafsiri hukuchagulia kimyakimya, ikakuachia sentensi iliyoiva ambayo hukupika. Kama simu ndiyo uliyo nayo, pakua kamusi ya wanafunzi inayofanya kazi bila intaneti, na ukiligusa neno shuka mpaka kwenye mifano. Karatasi pia isidharauliwe. Macmillan walitangaza mwaka 2012 kwamba wanaacha kuchapa kamusi zao ili wabaki mtandaoni, na mwaka 2023 tovuti yao ya kamusi ikafungwa. Nakala iliyo rafuni bado inafunguka.

Neno likishachaguliwa, liandike kwenye daftari, lakini si kwa mtindo wa neno, alama ya sawasawa, na tafsiri. Nakili sentensi ulikolikuta, kisha tunga yako inayohusu jambo unalolijua, ukifuata ruwaza uliyoiona kwenye mfano. Kesho yake funika upande mmoja ujaribu kukumbuka kabla ya kuchungulia. Rudia baada ya wiki. Maneno manne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno ishirini yaliyokaa. Ni machache kuliko orodha ya maneno mia anayopewa mwanafunzi siku ya Ijumaa, na Jumatatu hana hata moja.

Mwalimu atasema: silabasi haina nafasi, darasa lina wanafunzi sitini, kamusi ni chache, na chumba cha mtihani hakiruhusu kamusi. Kuhusu mtihani, ruwaza ya “discuss” haiachwi mlangoni pamoja na begi. Iliyojifunzwa huingia ndani. Kuhusu uchache wa kamusi, hapa njia hii inakupendelea. Darasa linalotafuta kila neno linahitaji kamusi sitini. Darasa linalotafuta maneno manne kwa kipindi linaweza kugawanywa makundi, kila kundi likapewa neno moja na maswali manne: ni aina gani ya neno, maana ipi inaingia kwenye sentensi hii, linaandamana na kihusishi gani, lina herufi gani pembeni. Kundi likimaliza, linapitisha kamusi kwa jingine na kuwaeleza wengine lilichokiona, pamoja na maana zilizokataliwa na sababu ya kukataliwa. Kipindi cha dakika arobaini kinatosha maneno hayo manne. Fanya hivyo mara moja kwa wiki kwa muhula mmoja, kabla ya kuamua kama silabasi inaumia. Na ikiwa kamusi za shule yako zimefungiwa kabatini zisichakae, zitoe. Tatu zinatosha kuanzia wiki ijayo.